Jina la Duka Kifuani mwa Timu ya Mtaa

Ndugu wafanyabiashara wenzangu,

Tarehe 24 Januari 1976, Kettering Town, timu ya mji mdogo wa Uingereza iliyokuwa ikicheza nje ya madaraja manne ya juu ya soka la nchi hiyo, iliikabili Bath City ikiwa imevaa jezi zenye maneno “Kettering Tyres” kifuani. Hakukuwa na klabu ya Uingereza iliyowahi kuvaa jina la mdhamini katika mechi ya mashindano, na mdhamini huyo wa kwanza hakuwa benki wala kiwanda cha bia, bali kampuni ya matairi ya mji uleule. Chama cha Soka kiliagiza jina liondolewe. Derek Dougan, aliyekuwa akiiongoza klabu, alibakiza “Kettering T” na kudai kwamba hiyo T ni ya Town. Chama kikatishia faini ya pauni 1,000, na klabu ikalazimika kutii. Mwaka uliofuata chama hichohicho kiliruhusu matangazo kwenye jezi.

Nimekianza kisa hiki kwa sababu wengi wetu tunaamini kwamba udhamini wa michezo ni jambo la wakubwa, wakati ulianza kwa mtu wa matairi. Tena hesabu yake ni nyepesi: anayekwenda kuitazama timu ya Kettering anaishi Kettering, na tairi lake likipasuka atatafuta fundi hukohuko.

Benki ya NBC imeipa Ligi Kuu yetu ya Tanzania jina lake tangu mwaka 2021, na inastahili kufanya hivyo, kwa kuwa ina matawi mikoani na kila anayetazama mechi anaweza kuwa mteja wake. Mimi nina duka moja la vifaa vya ujenzi Mbagala. Macho ya mtu wa Bukoba hayaninunulii hata mfuko mmoja wa saruji. Kwa hiyo, timu inayonifaa ni ile ambayo mashabiki wake wanaweza kutoka uwanjani na kufika dukani kwangu kwa miguu, na timu za namna hiyo zipo katika kila mtaa, kwenye ndondo, yaani mashindano ya mitaani, na kwenye madaraja ya chini yanayosimamiwa na vyama vya soka vya wilaya.

Nilianza vibaya. Mara ya kwanza nilitoa mbuzi na fedha kidogo kwa bonanza la siku moja. Watu walishangilia, mbuzi akaliwa, na baada ya wiki mbili hakuna aliyekumbuka ametoka wapi. Msimu uliofuata niliinunulia timu moja jezi, nikachangia ada za waamuzi, na kila siku ya mechi nikapeleka maji na barafu. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho tangazo la redio halijawahi kunipa. Katika biashara yangu, mara nyingi mwenye nyumba si yeye anayechagua duka. Anayechagua ni fundi anayemwandikia orodha ya vifaa, na mafundi wa eneo letu, wapaka rangi, wachomeleaji na wapiga plasta, ndio haohao wanaocheza au kusimama kando ya mstari jioni. Walipoanza kuniita “mdhamini wetu”, walianza pia kuleta orodha zao kwangu, wakati mwingine hata kabla ya kuuliza bei kwingine. Uaminifu huo ulikwenda pande zote mbili, kwa kuwa fundi niliyemkopesha mali alijua kwamba tutaonana uwanjani Jumamosi.

Si lazima mtoe fedha taslimu. Mama lishe anaweza kuilisha timu baada ya mechi, mwenye duka la dawa akatoa bandeji, na mwenye daladala akawapeleka wachezaji ugenini, na kila mmoja akawa anaonyesha kazi yake badala ya kuitangaza tu. Wala msiangalie soka la wanaume peke yake: timu ya mpira wa pete hupata wadhamini wachache, na anayeisaidia huonekana peke yake.

Kuna jambo moja ambalo nawasihi mlizingatie kwa moyo wote. Mdhamini aliyeahidi jezi mbele ya vijana kisha akakwepa simu zao ameharibu jina lake kuliko asiyetoa chochote. Ahidini kidogo mnachokiweza kwa msimu mzima, kiandikeni katika karatasi moja inayotaja kinachotolewa, lini, nani atakipokea na jina la duka litaonekana wapi, kisha wekeni risiti. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaruhusu kupunguza katika mapato gharama zilizotumika kikamilifu na kwa ajili ya kuzalisha mapato hayo pekee, kabla ya kodi kukokotolewa. Bila maandishi hayo, mtapata tabu kuwaeleza watu wa kodi kwamba jezi zile zilikuwa tangazo na si zawadi kwa vijana wa jirani.

Halafu muwahi. Viongozi wa timu hupanga bajeti kabla ya kulipa ada ya ushiriki, na jezi zikishashonwa, jina lenu halina tena pa kukaa hadi msimu mwingine.