Kipande cha Tatu Hakijaharibika

Asanteni kwa kuja. Nianze na jambo ambalo wengi wenu mmenieleza pale mlangoni. Mmepakua vipande vinane vya video ya harusi, mkabofya cha tatu, kompyuta ikadai faili ni mbovu, nanyi mkafuta vyote. Inaniuma kila ninaposikia hivyo, kwa sababu mara nyingi hakuna kilichoharibika. Kipande cha tatu peke yake ni kurasa za katikati zilizochanwa kitabuni.

Faili hukatwa kwa sababu ya njia inayopitia. Enzi za disketi, kila moja ilibeba MB 1.44 tu. Siku hizi kuna fleshi zenye mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja inayofika GB 4, hata fleshi yenyewe ikiwa ya GB 32. Na sisi wa bando tuna sababu yetu: mtandao ukikatika, unarudia kipande kimoja, si mzigo mzima.

Sasa tazameni majina, maana ndiyo yanayoonyesha mlango uko wapi. RAR, njia ya kubana na kukata faili aliyoibuni Mrusi Eugene Roshal mwaka 1993, huandika part1.rar, part2.rar na kuendelea. Fungua part1. Ule mtindo wake wa zamani ndio unaowakwaza watu: cha kwanza huishia .rar, cha pili .r00, cha tatu .r01. Ukiona sifuri usidhani ndiyo mwanzo.

ZIP, njia nyingine ya kubana faili, ni kinyume. Vipande huitwa .z01, .z02, halafu cha mwisho ndicho chenye .zip, na hicho cha mwisho ndicho unachofungua. ZIP huweka orodha ya yaliyomo nyuma kabisa, kwa hiyo programu lazima ianzie huko ndipo ijue kila kitu kimelala wapi. Kifunguzi kinachokuja na Windows hakiviwezi vipande hivi. Tumieni 7-Zip, ni ya bure.

Vikiishia .7z.001 na .7z.002, hapo faili imekatwa kama mkate, bila kuongezwa chochote. Kwenye Linux unaweza kuviunganisha kwa amri ya cat, kwenye Windows kwa copy /b, mradi uzingatie mpangilio. Msijaribu hivyo kwa RAR, kwa kuwa kila kipande chake kina kichwa chake, yaani maelezo yake mwanzoni.

Kabla ya kufungua, vikusanye vyote katika folda moja. Kisha angalia ukubwa. Vipande karibu kila mara hulingana, isipokuwa cha mwisho ambacho huwa kidogo. Ukikuta cha katikati ni kifupi kuliko wenzake, huyo ndiye mgonjwa wako. Mpakue upya yeye tu. Angalia pia kama kivinjari kimeongeza (1) kwenye jina, kwa sababu ulipakua mara mbili. Programu hutafuta jina kamili, herufi kwa herufi, kwa hiyo rekebisha. Baada ya hapo unafungua kimoja tu, vingine programu itaviita yenyewe. Na uwe na nafasi: vipande vya GB 6 vinahitaji GB 6 nyingine au zaidi za kuweka kitakachotoka.

Nizungumze na wanaotuma, maana maumivu mengi huanzia kwao. Niliwahi kutumiwa sauti za marehemu babu yangu akisimulia, vipande tisa. Cha saba kilifika kibovu, na aliyetuma alikuwa ameshafuta asili. Simulizi moja ilikatika katikati, na sitaisikia tena. WinRAR, programu ya kutengeneza na kufungua faili za RAR, inaweza kutengeneza vipande vya akiba vyenye mwisho wa .rev, kimoja huziba pengo la kipande chochote kimoja kilichopotea. Tangu siku ile kila ninachotuma huenda na .rev mbili, na asili siifuti mpaka aliyepokea anipigie simu aniambie amefungua na kusikiliza hadi mwisho.