Chungwa la Muheza dirishani

BARAKA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tumehama kidogo, tuko chumbani kwa dada Zuhura, na humu mnanuka tapentaini utadhani karakana ya fundi samani. Dada, shikamoo.

ZUHURA: Marahaba, mdogo wangu. Kaa kwenye kigoda kile. Hicho kiti kina rangi mbichi.

BARAKA: Nusura! Haya. Uliponiambia unachora kwa rangi ya mafuta, mimi nilijua ile ya kupaka mageti.

ZUHURA: Na dukani ndiyo watakayokupa! Wala usiidharau. Edward Saidi Tingatinga alianza nayo mwaka 1968 hapahapa Dar, rangi za kopo juu ya hadibodi, na leo dunia nzima inamjua. Ila ile inaziba. Ukipaka kijani juu ya njano, njano umeshaizika. Hizi zangu za tyubu, si zote lakini baadhi, zinapitisha mwanga. Ndiyo mchezo wangu wote huo.

BARAKA: Kwa wanaotusikiliza: dirishani kuna bakuli la bati jeupe lenye ukingo wa bluu, glasi ya maji, na chungwa. Chungwa lenyewe ni kijani.

ZUHURA: Chungwa la Muheza hilo. Si kwamba ni bichi, limeiva. Ganda la chungwa linahitaji usiku wa baridi ndipo ukijani uondoke, na Tanga baridi hiyo iko wapi? Kwa hiyo sisi tunasema "rangi ya chungwa" kutwa nzima, na machungwa yetu wenyewe hayana rangi hiyo.

BARAKA: (anacheka) Sikuwahi kuliwaza hilo. Sasa kijani si kijani tu? Unachanganya, unapaka, umemaliza.

ZUHURA: Nilifanya hivyo mara ya kwanza. Nikapata ndimu kubwa. Hebu sogea ulitazame. Kijani chake kiko juujuu, chini yake kuna njano inayochungulia, hapa karibu na kikonyo na pale linapopigwa na mwanga. Ukizichanganya kwenye paleti unapata rangi moja iliyolala. Mimi nimepaka njano nyepesi kwanza, nikaiacha ikauke kabisa, kisha juu yake glezi ya kijani.

BARAKA: Glezi ndiyo nini?

ZUHURA: Rangi inayopitisha mwanga, kidogo sana, ndani ya mafuta mengi. Chukua mtandio mwepesi wa kijani, umtupie mtu aliyevaa gauni la njano. Gauni bado unaliona, lakini si njano tena. Ukiukunja mara mbili, kijani kinakolea. Waitaliano hata jina la kazi hii wamelitoa kwenye shela. Mwanga unapita kwenye kijani, unagonga njano, unarudi kwako kwa kupita kijani mara ya pili. Ndiyo maana rangi inaonekana kama inawaka kutokea ndani.

BARAKA: Na unaipakaje hiyo?

ZUHURA: Tone moja la kijani hiki, kinaitwa viridiani, naliponda ndani ya mafuta ya mbegu za kitani. Naitandaza kwa brashi laini. Hapo inaonekana mbaya, michirizi mitupu. Kisha nachukua kitambaa cha pamba, nakifinyanga kama kitonge, nagonga taratibu, tap tap tap, mpaka michirizi ipotee. Pale kwenye mwanga nafuta karibu yote kwa kidole gumba. Kwenye kivuli naiacha. Kazi ya dakika kumi, halafu nasubiri wiki.

BARAKA: Wiki nzima kwa dakika kumi!

ZUHURA: Tena mara tano au sita. Mafuta haya hayakauki kama maji, Baraka. Maji yanaruka hewani. Mafuta yanavuta oksijeni na kugeuka kuwa gamba, polepole. Na kila tabaka la juu lazima liwe na mafuta mengi kuliko la chini yake, la sivyo la juu linakakamaa wakati la chini bado linajivuta, na picha inapasuka.

BARAKA: Yalishakukuta?

ZUHURA: Yangu ilikuwa mikunjo. Niliona raha ya mafuta, nikamimina. Baada ya mwezi buli langu zuri likawa na ngozi kama utando juu ya maziwa yaliyopoa. Nilikwangua kwa kisu mpaka kwenye kanvasi, huku machozi yananitoka, sikufichi.

BARAKA: Pole sana, dada. Kwa hiyo sasa unaanza vipi?

ZUHURA: Kwa picha isiyo na rangi. Nyeupe na kahawia ya umba, nimeizimua kwa tapentaini. Umba ni rangi ya udongo wenye madini ya manganizi, inakauka haraka, humu chumbani siku mbili inatosha. Mwanga na vivuli vyote namalizia hapo, rangi inakuja kama mgeni. Na matambara ya mafuta siyarundiki kwenye kona, maana yanaweza kujipasha moto yenyewe hadi yakawaka. Yale kule, ndani ya kopo la maji lenye mfuniko.

BARAKA: Nimesoma wachoraji wanataka dirisha la kaskazini. Hili si la kusini?

ZUHURA: Vitabu hivyo vimeandikiwa Ulaya, kule jua linapita kusini, kwa hiyo dirisha la kaskazini halipigwi na jua. Nilivifuata miaka miwili! Hapa Dar, kuanzia Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri liko kaskazini yetu. Mwezi wa Juni dirisha la kaskazini linaniletea jua na kivuli cha nondo mpaka juu ya bakuli. Nikahamia huku kusini. Desemba jua linanifuata, natundika shuka jeupe.

BARAKA: Na mwenye mtindo huu ni nani hasa?

ZUHURA: Watakwambia Jan van Eyck, mchoraji wa zamani wa huko ambako leo ni Ubelgiji. Vasari, Mwitaliano aliyeandika habari za maisha ya wasanii, alimwandika kuwa ndiye aliyevumbua rangi ya mafuta, na si kweli. Kwenye mapango ya Bamiyan, Afghanistan, zimeonekana picha za mafuta za karne ya 7. Lakini Van Eyck aliifikisha mbali. Ana picha ya mwaka 1434, mume na mke chumbani, iko kwenye jumba la picha la National Gallery, London. Watu wote wanakodolea kioo cha ukutani. Mimi naangalia dirisha: kuna chungwa moja juu ya ukingo, na mengine juu ya kasha chini yake.

BARAKA: Machungwa ya Ubelgiji?

ZUHURA: Wapi! Yalitoka nchi za joto kwa meli, ni kitu cha tajiri. Anakuonyesha fedha zao bila kuchora fedha. Langu ni la bei ya sokoni, na limenitesa kuliko lake.

BARAKA: Kivipi?

ZUHURA: Wiki ya tatu niliweka ndizi mbivu pembeni yake, hivihivi, nimetoka sokoni. Ndizi mbivu zina hewa yake inayofuta ukijani. Siku nne baadaye chungwa lina mabaka ya njano, na mimi nimeshapaka glezi mbili za kijani.

BARAKA: Ukanunua jingine.

ZUHURA: Nilitaka. Halafu nikaona mabaka yenyewe yananifaa. Nikapaka ya tatu kijani, na kabla haijashika nikaifuta pale palipogeuka. Njano ilikuwa inanisubiri chini tangu mwanzo.

BARAKA: Ah, hapa! Nimepaona. Hapa kwenye...

ZUHURA: Baraka, kidole!

BARAKA: Mbona inang'aa kama imekauka?

ZUHURA: Hiyo ni ya jana usiku. Haya, nipe hicho kidole. Tambara liko nyuma yako.