Sikujua, Nguruwe wa Bibi

LUSAJO: Karibuni tena. Leo hatuko chumbani kwetu kwa kurekodia, tuko Igawilo, Mbeya, nyuma ya nyumba ya bibi yangu, pamoja na Mama Atu anayetutibia mifugo, na huo mngurumo mnaousikia si jenereta.

MAMA ATU: Ni Sikujua. Amelala.

LUSAJO: Anakoroma, mama, tuseme ukweli. Kwa wageni: Sikujua ni nguruwe jike wa bibi. Kazaa matumbo saba, sasa amestaafu, na bibi ametangaza kwamba atakayemsogelea na kisu aanze na yeye kwanza. Mtaani tunaitwa wale wanaofuga kitimoto kama paka.

MAMA ATU: Waache waseme. Mimi nguruwe wengi naitwa kuwatazama wamebakiza miezi minne waende buchani, na mwenye nao ana swali moja tu, kilo ngapi. Huyu atazeeka. Kwake nauliza kwato, miguu, ngozi na unene.

LUSAJO: Lakini leo hukuanza na hayo. Umefika, chai hujagusa, ukapiga magoti ukazamisha mkono kwenye majani yake.

MAMA ATU: Hadi kwenye saruji. Nikauacha hapo nikahesabu mpaka ishirini. Ulipotoka una unyevu, na vidole vimepoa kabisa. Sasa wewe jilaze hapo usiku wa Juni, baridi ikishuka kutoka milima ya Uporoto. Manyoya yake unayahesabu, hayamfuniki. Saruji mbichi inamnyonya joto usiku kucha, asubuhi unamkuta amejikunja mgongo, hataki kuinuka, unanipigia simu eti ana homa.

LUSAJO: Majani nilibadilisha Jumapili!

MAMA ATU: Ulibadilisha ya juu, mwanangu. Ya chini yameoza, yananuka mkojo. Chuchumaa hapa, weka pua usawa wa pua yake. Haya, vuta.

LUSAJO: ... Aisee. Macho yanawasha.

MAMA ATU: Ndiyo hewa yake ya kila siku hiyo. Toa yote leo jua likiwapo, sakafu ikauke kabisa, ndipo umwage maranda kina cha kiganja, na juu yake majani makavu. Mimi nimekulia Mafinga, maranda ya paina tulikuwa tunarundika tu mpaka yanageuka kilima. Chukua yale ya kujikunja, yaliyotoka kwenye randa. Ule unga wa msumeno usimwekee, utamkohoza.

LUSAJO: Na upande wa upepo nishone viroba vya salfeti?

MAMA ATU: Shona, ila viishie juu kidogo ya kichwa chake akiwa amesimama. Huko juu pabaki wazi hewa itoke. Watu wengi wakiona baridi wanaziba banda zima, kisha wanashangaa nguruwe anapiga chafya.

LUSAJO: Jirani alikuwa anasema ananuka kwa sababu nguruwe ni mchafu.

MAMA ATU: Mwambie jirani aje aone choo chake. Kile pale, kona ya ndoo ya maji, hajawahi kujisaidia anapolala. Mpe nafasi atajipangia mwenyewe. Tope nalo analitafuta kwa sababu hawezi kutoka jasho la kumpoza. Kyela kule kwenye joto utamwona anajigaragaza mchana kutwa. Hapa mpe kivuli cha saa sita tu, maana ngozi nyeupe kama yake inaungua.

LUSAJO: Tuje kwenye ule ugomvi wa kilo.

MAMA ATU: Ulisema ngapi?

LUSAJO: Mia na ishirini.

MAMA ATU: Kwa macho. Tukachukua utepe wa fundi cherehani. Mzunguko wa kifua, nyuma tu ya miguu ya mbele: mita 1.42. Urefu, kutoka katikati ya masikio hadi mkia unapoanzia: mita 1.40. Unazidisha kifua kwa kifua, unazidisha kwa urefu, halafu kwa 69.

LUSAJO: Ikatoka 195. Nilirudia kwenye simu mara tatu.

MAMA ATU: Na ndiyo maana ule upele wa masikioni haujaisha. Ivamektini, dawa ya sindano ya wadudu hao, ya asilimia moja ni mililita 1 kwa kila kilo 33, chini ya ngozi, nyuma ya sikio. Wewe ulimpimia ya kilo 120, kama mililita tatu na nusu. Alihitaji karibu 6. Wadudu wa ukurutu wamepunguka, wamezaana upya. Tutarudia kwa kipimo sahihi, na tena baada ya siku 14, na majani ya zamani tunayachoma.

LUSAJO: Kwa hiyo ni mnene?

MAMA ATU: Bonyeza hapo kwenye nyonga kwa kiganja. Unagusa mfupa?

LUSAJO: Nagusa ... godoro.

MAMA ATU: Basi. Jike asiyezaa wala kunyonyesha, kilo 2 hadi 2 na nusu za pumba na mashudu kwa siku zinamtosha, asubuhi na jioni, na majani ya kabichi ya kumshughulisha. Yanayommaliza ni haya makande ya sahani anayoletewa na bibi. Na vile viazi vilivyogeuka kijani au kuota, visiingie kabisa kwenye kihori.

LUSAJO: Juzi jirani alichinja, akatuletea ndoo ya maji aliyooshea nyama, anasema yana mafuta mazuri.

MAMA ATU: Mmempa?!

LUSAJO: Bibi aliyamwaga barabarani.

MAMA ATU: Angeyamwaga shimoni akafukia, mbwa wasibebe, lakini afadhali. Homa ya nguruwe hii, iliyoandikwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921, mpaka leo haina tiba. Kirusi kinakaa kwenye nyama, kwenye damu, kwenye kiatu. Binadamu hatuugui, sisi tunakibeba tu. Wa Kyela waulize kuhusu mwisho wa 2010, ilipowaingilia. Na kilichoieneza zaidi ni watu kuuza haraka walioanza kuugua. Ukiona nguruwe hali chakula, ana joto la nyuzi 41, masikio yanageuka zambarau, funga geti na umwite afisa mifugo wa kata. Mgeni yeyote avue viatu vyake pale nje, hata mimi.

LUSAJO: Wewe umeingia na gambuti zako.

MAMA ATU: Nimezisugua kwa dawa getini, hukuniona, ulikuwa unatafuta maikrofoni.

LUSAJO: Sawa. Swali la mwisho: ya makande nani atamwambia bibi?

MAMA ATU: Mjukuu nani hapa?

LUSAJO: Mama, zima, zima kwanza. Huyo anakuja na sahani.