Rudisha Maua Yako: Hazel Dickens na Nyimbo za Wachimba Makaa

Wazee wetu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, asanteni kwa kuja.

Wengi wetu humu ndani tumelelewa na muziki wa kantri hata kabla ya kulijua jina lake. Kwetu ulikuwa muziki wa Jumapili asubuhi. Redio iko juu ya kabati la vyombo, chai ya maziwa inachemka, baba anapiga viatu rangi, na Jim Reeves anaimba. Jim Reeves alikuwa amekufa kwa ajali ya ndege tangu 1964, kabla mimi sijazaliwa, lakini baba alimtaja kama mtu anayekaa nyumba ya tatu. Msiba ukiingia mtaani, kaseti za nyimbo zake za dini zilihamia matangani. Ile sauti nzito ya taratibu ilimfunika mfiwa kama blanketi. Nikakua nikiamini kwamba muziki huu una kazi moja tu, kupoza moyo.

Leo nimewaletea mwanamke wa muziki huohuo ambaye aliimba misiba karibu maisha yake yote, na hakumpoza mtu. Anaitwa Hazel Dickens.

Alizaliwa tarehe 1 Juni 1925 huko Montcalm, wilaya ya Mercer, jimboni West Virginia, ndani ya milima ya Appalachia. Alikuwa mtoto wa nane kati ya kumi na mmoja. Nchi ile ni ya makaa ya mawe. Mabonde ni membamba, milima imesongamana, na kijana wa kiume wa zama zake hakuwa na kazi nyingi za kuchagua: aingie mgodini, au afanye kazi ya kuuhudumia mgodi. Baba yake alikuwa mhubiri wa Wabaptisti wa msimamo wa kale, na kazi yake ya mkate ilikuwa kusafirisha mbao za kuegemezea dari za migodi zisiporomoke. Kaka zake waliteremka chini ya ardhi.

Nawaomba mlishike hilo la kanisa, maana sauti yake inatoka hapo. Wabaptisti wale hawakupiga ala ibadani. Kiongozi hutamka mstari, waumini wakaudaka na kuuvuta pamoja, polepole, kila mtu na mapindo yake. Sisi tuliozoea kiongozi na waitikiaji hatuwezi kupotea humo. Nyumbani, hata hivyo, banjo ilikuwepo, na baba huyohuyo mhubiri alijua kuipiga. Banjo nayo, kwa asili yake, ni chombo kilichovuka bahari na Waafrika waliotiwa utumwani. Milima ile inayosemwa kuwa ni ya wazungu maskini peke yao imebeba pia mkono wa watu wetu.

Basi sauti ya Hazel haikuwa sauti tamu. Ilikuwa ya juu, kavu, inapita puani kidogo, na mwisho wa mstari inakatika ghafla kama uzi uliokatwa kwa meno. Mara ya kwanza ukiisikia unaweza kudhani mashine ina kasoro. Ukiisikia mara ya tano, sauti nyingine zote zinaanza kukuonekea zimetiwa sukari.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alihamia Baltimore, kama walivyohama maelfu ya watu wa milimani baada ya mashine kuanza kuchukua kazi za mikono migodini. Akafanya kazi viwandani. Watu wa mjini waliwadharau wageni wale kwa lafudhi yao, mavazi yao, hata nyimbo zao. Kaka yake Robert alilazwa kwa kifua kikuu katika hospitali moja nje ya mji, na hapo ndipo Robert alipokutana na kijana aitwaye Mike Seeger, aliyekuwa akitumika hospitalini badala ya kwenda jeshini, kwa kuwa dhamiri yake ilikataa vita. Kijana huyo alikuwa mpenzi mkubwa wa muziki wa zamani. Kupitia kwake milango ikafunguka, na baadaye Hazel akampata Alice Gerrard, wakaimba wawili, wakatoa santuri yao ya kwanza mwaka 1965. Wakati ule katika bluegrass, tawi la kantri la banjo, fidla na gita, mwanamke kwa kawaida alikuwa mke au dada wa mwenye bendi. Hawa wawili walisimama wenyewe mbele ya maikrofoni, wakashika ala zao na kuongoza nyimbo.

Lakini sikuja hapa kusimulia wasifu. Nimekuja kwa ajili ya wimbo mmoja hasa, nao unaitwa "Black Lung", Pafu Jeusi.

Pafu jeusi ni jina ambalo wachimbaji wenyewe walilipa ugonjwa wa vumbi la makaa. Mtu akilivuta vumbi hilo miaka na miaka, linakaa mapafuni, linatengeneza makovu, na pafu linakuwa gumu. Hakuna dawa ya kuliondoa. Mgonjwa anakaa wima usiku kucha kwa sababu akilala pumzi haitoshi. Na kwa miaka mingi madaktari wengi wa migodini waliwaambia watu hawa kwamba vumbi la makaa halina madhara. Kaka yake Hazel, Thurman, aliugua ugonjwa huo akafa, tena akafa fukara. Dada yake akaandika wimbo.

Sikilizeni ulivyojengwa. Hauna gita, hauna banjo, hauna kinubi. Ni sauti peke yake, kama kanisani kwa baba yake. Unaanza kwa nafsi ya tatu, ni dada anatueleza habari za mtu: kwamba amepata mikosi kuliko wanavyoweza kuvumilia wanaume wengi, kwamba mgodi ulikuwa mpenzi wake wa kwanza lakini haukuwa rafiki yake hata siku moja. Kisha inapofika sehemu inayorudiwarudiwa, ghafla nafsi inabadilika. Sasa ni "mimi". Mgonjwa ameupokonya wimbo mdomoni mwa dada yake, na anazungumza na ugonjwa wenyewe, uso kwa uso, anauambia mkono wako ni baridi kama barafu, baridi kama lile dimbwi la shimoni nilikomaliza damu ya maisha yangu nikilichimba kaburi langu mwenyewe. Halafu dada anarudi kusimulia. Mtu huyu alikwenda kwa bosi, bosi akafunga mlango. Akaishia katika nyumba ya maskini, njaa ikiwa ndiyo posho yake, na wote wakamkimbia isipokuwa ugonjwa. Hebu fikirini hilo. Aliyebaki karibu na kitanda ni yule anayemuua.

Nimeisoma mistari hiyo mara nyingi nikitafuta neno la mapambo na sijalipata. Hakuna malaika, hakuna ng'ambo ya mto. Huyu ni binti wa mhubiri, anazijua tenzi zote za faraja, na aliziacha nje kwa makusudi.

Kisha mnafika kaburini. Bosi amekuja mazikoni, amebeba maua yake machache. Na hapa wimbo unamgeukia yeye: rudisha maua yako, usituimbie nyimbo za huzuni, mtu mwema ameshakwenda.

Nitawaambia kwa nini mahali hapo pananishika koo. Mjomba wangu alichonga mawe ya ujenzi machimboni zaidi ya miaka ishirini. Jioni alirudi mweupe kuanzia kope hadi vidole vya miguu, na sisi watoto tulimkimbilia tuchore kwa kidole mgongoni mwa koti lake. Miaka ya mwisho tulilala chumba kinachopakana na chake, na kikohozi kile tulikisikia hadi alfajiri. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba ni lile vumbi tulilokuwa tukilichorea. Alipofariki, aliyekuwa mwajiri wake alituma gunia la mchele na shada la maua lenye utepe wa zambarau. Mama yangu alisimama mbele ya waombolezaji wote akashukuru kwa niaba ya ukoo. Tulishukuru kwa moyo kabisa. Miaka mingi baadaye, siku nilipousikia wimbo huu kwa mara ya kwanza nikiwa njiani, niliweka gari kando ya barabara na sikuweza kuendelea kwa muda mrefu.

Kwa hiyo ninaposema Hazel hakumpoza mtu, simlaumu. Wapo waombolezaji wanaokuja kukupangusa machozi, na yupo mmoja anayeuliza kwa sauti, mbele ya watu, marehemu ameuawa na nini. Nyumba yenye msiba inawahitaji wote, ila huyo wa pili huwa hapewi nafasi ya kusema.

Alifanya hivyo tena kwa msiba mkubwa zaidi. Alfajiri ya tarehe 20 Novemba 1968, mgodi namba 9 wa Farmington, wilaya ya Marion, West Virginia, ulilipuka. Wanaume 99 walikuwa ndani. Ishirini na mmoja walinusurika, 78 wakafa. Moto ulikataa kuzimika, na siku kumi baadaye mgodi ukazibwa ili ukose hewa, miili ikiwa bado ndani. Mingi ilikuja kutolewa katika miaka iliyofuata, lakini 19 haikupatikana kamwe. Wimbo wa Hazel juu ya maafa hayo unaitwa "Mannington Mine Disaster", kwa jina la mji jirani.

Mtunzi mwingine angetuimbia mlipuko, ving'ora na wajane getini. Yeye amechagua mama anayeongea na mwanawe. Mama anasema: gazeti linatuambia, redio inatuambia, tuwalee watoto wawe wachimbaji kama baba zao, siku hizi migodi ni salama, mshahara ni mnono. Mwanangu, usiwasadiki, huo ni uongo. Kumbuka waliokufa Mannington. Usimfuate baba yako shimoni. Ule ni wosia, ndugu zangu. Umeimbwa kwa lahani ya kubembelezea mtoto, na ndani yake mna mashtaka ya jinai.

Februari 1969 wachimbaji wapatao 40,000 wa West Virginia waliweka zana chini kwa sababu ya pafu jeusi, hadi jimbo likapitisha sheria ya fidia. Desemba mwaka huohuo serikali kuu ya Marekani ikapata sheria ya afya na usalama migodini, iliyoweka kwa mara ya kwanza kikomo cha vumbi ambalo mchimbaji anaruhusiwa kulivuta, na baada ya miaka mitatu kikomo kikashushwa hadi miligramu 2 katika kila mita moja ya ujazo wa hewa. Ulikuwa ni mgomo na ni vifo vilivyoleta sheria, tusiwape wanamuziki sifa isiyo yao. Lakini wachimbaji wa miaka hiyo walipata kitu cha kuimba, na kitu hicho kilitungwa na mtu wa nyumbani mwao.

Ndiyo maana Barbara Kopple alipotengeneza filamu ya mgomo wa wachimbaji wa wilaya ya Harlan, Kentucky, filamu iliyotoka 1976 ikashinda tuzo ya Oscar, sauti ya Hazel ilitumika humo. Kuna wimbo wake wa mapambano uitwao "They'll Never Keep Us Down". Watu wengi wanaupenda kuliko nyimbo zake zote. Mimi naona ni wimbo wa kuimbwa na watu mia tano wakiwa wamesimama barabarani, na hapo unafaa sana. Ukiusikiliza peke yako sebuleni utaona umekonda, kwa sababu maneno yake ni ya kila mgomo, popote. "Black Lung" una mtu mmoja, mlango mmoja uliofungwa, kishada kimoja cha maua.

Nawataka pia mjue kwamba jicho lake halikuwa kwa mabosi tu. Mwaka 1973 yeye na Alice walitoa "Don't Put Her Down, You Helped Put Her There". Wanaume wamekaa wanamsema vibaya mwanamke aliyechakaa, na wimbo unawaambia: msimdharau, ni nyinyi mliosaidia kumfikisha hapo. Kuimba hivyo mbele ya wasikilizaji wa bluegrass, ambao wengi walikuwa wanaume haohao, kulitaka moyo.

Na kwao je? Kuna wimbo wake mpole kuliko yote, "West Virginia My Home". Humo anasema maisha ya mjini yamemshinda, na kwamba hakumbuki tena kwa nini aliondoka, alikuwa anataka kuona nini, kufanya nini. Anachokumbuka ni alikotoka. Wengine hushangaa: huyu si ndiye anayeishtaki nchi hiyo? Nchi hiyo ndiyo iliyomla kaka yake, na humo anaililia kama mama. Mtu aliyewahi kuacha kijiji kwa sababu ya njaa hatashangaa. Hazel hakurudi kuishi milimani. Alifariki Washington tarehe 22 Aprili 2011.

Sasa nimemwomba kijana wetu wa mitambo azime feni zote mbili, mtanisamehe kwa joto la dakika chache. Nimewaambia wimbo huu hauna ala. Kwa sababu hiyo, kila baada ya mstari mtasikia kitu ambacho katika nyimbo nyingine hufunikwa na gita: mtamsikia akivuta pumzi. Anavuta, anaimba mtu asiyeweza kuvuta, anavuta tena. Msisikilize maneno tu. Sikilizeni zile pumzi.

Haya, anza.