Sumaku katikati ya supakondakta

Shikamooni walimu wangu, vijana, hamjambo. Leo tukae na kiungo kimoja tu cha umeme, yaani mahali vipande viwili vya metali vinapoungana, kidogo kuliko chembe ya vumbi.

Vipande viwili vya niobiamu, aina ya metali, vikipoozwa chini ya kelvini 9.2, huwa supakondakta: umeme hupita ndani yake bila ukinzani, kwa sababu elektroni hushikana jozi jozi. Mwaka 1962 Brian Josephson, kijana wa miaka 22 aliyekuwa akisoma Cambridge, alikokotoa kwamba hata ukivitenga kwa utando mwembamba wa kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme, jozi zitapenya na mkondo utapita bila volteji. Mwaka uliofuata wanafizikia Anderson na Rowell wakaupima.

Sasa toeni kihami, wekeni sumaku. Hapa ndipo penye uhondo. Katika kila jozi, spini ya elektroni moja, yaani usumaku wake mdogo, inaelekea juu, ya mwenzake chini. Sumaku inazitaka zote zielekee upande mmoja. Jozi nyingi huvunjika, ndiyo maana unene wa sumaku hiyo hupimwa kwa nanomita. Lakini zinazosalimika huongezewa mwendo, na wimbi lao hupanda na kushuka humo humo. Unene ukiwa wa kadiri yake, wimbi hutokea ng'ambo likiwa limepinduka: palipokuwa na mgongo pana bonde. Hicho ndicho kiungo cha pai, kwa kuwa pai ni nusu ya mzunguko mzima wa wimbi. Mwanafizikia Bulaevskii na wenzake walikibashiri mwaka 1977, huko Urusi ya Kisovieti.

Ushahidi ulikuja mwaka 2001, Chernogolovka, karibu na Moscow. Ryazanov na wenzake walitumia aloi ya shaba na nikeli, ambayo ni metali. Waliichagua kwa kuwa usumaku wake ni dhaifu, wimbi linageuka taratibu. Wakawa wanapooza na kupima. Kiungo cha kawaida, kadiri kinavyopoa ndivyo mkondo wake wa juu kabisa unavyokua. Hiki kilikua kidogo, kikaanza kupungua, kikafika sifuri, halafu mkondo ukarudi na kukua tena. Tazameni hiyo sifuri, jamani! Hapo ndipo ishara ya mkondo, chanya au hasi, ilipogeuka. Mimi sijaona grafu inayonigusa kama ile.

Tena, ukikiweka kiungo hicho kwenye pete ya supakondakta yenye indaktansi ya kutosha, yaani uwezo wa kupinga mabadiliko ya mkondo, mkondo huzunguka wenyewe, bila betri, kulia au kushoto.

Karibuni maswali.