Pikipiki mpya ya toleo la nyuma: uchukue yenye ABS au isiyo nayo?

Habari zenu ndugu zangu. Leo tuko Tabora mjini, na mbele yangu kuna pikipiki mbili za toleo moja, injini ya cc 160, rangi moja. Zote ni mpya, hazijawahi kutembea barabarani. Toleo jipya lilipoingia hizi zikabaki dukani, na sasa muuzaji amezishusha bei ili apate nafasi. Hii ya kulia ina ABS, yaani mfumo wa breki unaozuia tairi kugoma kuzunguka. Hii ya kushoto haina, na bei yake iko chini zaidi.

Nianze na msimamo wangu ili usinisubiri mpaka mwisho. Kama unakwenda kwa mwendo kwenye lami, hasa ukiwa na mtu nyuma, chukua yenye ABS. Lakini ichukue baada ya kupita vipimo nitakavyokuonyesha, kwa sababu pikipiki iliyolala muda mrefu huanza kuharibika kwenye breki kabla hujaona kasoro yoyote kwenye rangi.

Hatua ya kwanza: elewa unachonunua. Sogeza kamera hapa kwenye gurudumu la mbele. Unaiona hii pete yenye matundu, imefungwa pembeni ya diski? Na hiki kidude cheusi chenye waya kinachoitazama ni sensa. Sensa inahesabu jinsi gurudumu linavyozunguka. Ukikamata breki kwa nguvu mpaka gurudumu likakaribia kugoma kuzunguka, sensa inatoa taarifa, na mtambo wa ABS unalegeza mafuta ya breki kidogo, unakaza tena, unalegeza tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Wewe umeshikilia breki tu.

Kwa nini hilo lina maana? Ukifunga breki, uzito wote unakimbilia mbele: wa pikipiki, wako, wa abiria na mzigo wake. Tairi la mbele ndilo linalofanya kazi kubwa ya kukusimamisha. Likigoma kuzunguka, usukani hauna kazi tena. Pikipiki inalala chini upesi mno, mguu wako hata haujafika ardhini. Tairi la nyuma likigoma, pikipiki inayumba mkia, na dereva mzoefu ana nafasi ya kuirudisha. La mbele halikupi nafasi hiyo. Ndiyo maana nasema, ABS ya gurudumu la mbele peke yake tayari ni kitu cha maana sana.

Teknolojia hii si ngeni. BMW waliiweka kwenye pikipiki yao ya K100 mwaka 1988. Nchini India, zinakotoka pikipiki nyingi tunazoendesha huku, sheria ilianza kudai ABS kwa pikipiki zinazozidi cc 125: Aprili 2018 kwa matoleo mapya, Aprili 2019 kwa matoleo yaliyokuwepo. Lakini sheria hiyo inahusu zinazouzwa kulekule India. Zinazosafirishwa nje zinaweza kuja bila ABS, na hivyo unakuta pikipiki mbili za jina moja zimesimama duka moja, kila moja na breki zake.

Hatua ya pili: hakikisha ni ABS kweli. Usiamini stika, hasa ikiwa herufi zilizoandikwa ni CBS. CBS ni kitu kingine kabisa. Ile inaunganisha breki ya mbele na ya nyuma, ukikanyaga moja na nyingine inashika kiasi. Inasaidia, lakini haizuii tairi kugoma. ABS lazima uione kwa macho: pete, sensa, waya, na mtambo wenyewe ambao mara nyingi umefichwa chini ya kiti au chini ya tangi. Kisha njoo nyuma. Kama gurudumu la nyuma lina pete na sensa yake, ABS inalinda pande zote mbili. Na kama nyuma kuna breki ya drum, ile ya ngoma isiyo na diski, kwenye pikipiki hizi za kwetu ujue ABS iko mbele tu. Hii yetu ya leo ni ya mbele tu.

Hatua ya tatu, na hapa naomba tukae kidogo: fikiria barabara utakayopita kila siku.

Kuna mtu anayetoka Tabora kwenda Nzega, au anashuka Sikonge kuelekea Mpanda. Hiyo ni lami, imenyooka, na mkono unavuta mafuta wenyewe. Unakwenda kilomita 80 kwa saa. Ng'ombe anatoka porini, au mbele yako kuna baiskeli yenye magunia ya mkaa imeingia barabarani bila kutazama. Sekunde moja tu ya kushtuka, kabla hujagusa breki, tayari umeshakula mita 22. Na ukiongeza mwendo mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kushika breki unakuwa mara nne, si mara mbili. Katika hali hiyo hakuna mtu anayekumbuka kukamata breki kwa ustaarabu. Unaikamata yote. Huyu dereva anahitaji ABS, na mimi simshauri aiache kwa sababu ya punguzo.

Vilevile mwenzetu wa Kigoma mjini, anayeshuka na abiria kutoka Mwanga kuelekea stesheni, au anayekwenda Kasulu na kurudi. Mteremko unaongeza uzito kwenye tairi la mbele. Halafu zije mvua za kwanza za Novemba: vumbi la miezi yote ya kiangazi limekaa juu ya lami pamoja na matone ya oili, maji kidogo yakishuka lami inakuwa utelezi mtupu. Siku hizo za kwanza ni mbaya kuliko katikati ya masika, kwa sababu mvua bado haijaiosha barabara. Hapo ABS ndipo inapofanya kazi iliyotengenezewa.

Sasa kuna mtu wa tatu. Yuko ndani ya Urambo au Kaliua, anazunguka mashamba ya tumbaku kwenye njia za mchanga, mwendo wake ni kilomita 20 au 30. Kwake hali inabadilika. Juu ya mchanga na kokoto, tairi likigoma linakusanya udongo mbele yake, na udongo huo unasaidia kusimamisha. ABS haikubali tairi ligome, kwa hiyo umbali wa kusimama unaweza kurefuka. Bado itakusaidia usianguke, lakini lazima uanze kupunguza mwendo mapema, na dereva asiyelijua hilo anashtuka. Kama maisha yako yote yako kwenye njia hizo na lami unaiona siku ya gulio tu, hii ya kushoto isiyo na ABS inakutosha. Tofauti ya bei inunulie tairi zenye meno mazuri na kofia ngumu ya maana, yako na ya abiria.

Na kitu kimoja kwa wote: ABS ya kawaida haikuokoi ukishika breki kwa nguvu pikipiki ikiwa imelala kwenye kona. Punguza mwendo kabla ya kona, uwe nayo au usiwe nayo.

Hatua ya nne: soma umri wa pikipiki. Neno "mpya" lina maana kwamba haijatumika, halina maana kwamba imetengenezwa juzi. Inama hapa pembeni ya tairi, utafute tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Hapa pameandikwa 3222. Yaani wiki ya 32 ya mwaka 2022. Tairi zilizozeeka dukani huwa ngumu hata kama meno yake hayajaguswa, na tairi gumu halishiki lami, hasa lami ikiwa imelowa. Bonyeza kwa ukucha, tazama nyufa ndogo ubavuni. Na ABS haiongezi mshiko. Inatumia ule tairi lililo nao, basi.

Kisha angalia kibandiko cha kiwanda kwenye fremu na nyaraka za kuingizwa nchini. Mwaka wa kutengenezwa ndio utakaoandikwa kwenye kadi ya TRA, na siku ukitaka kuuza, mnunuzi atausoma huo, hatasoma tarehe uliyoitoa dukani. Ni hoja nzuri sana ya kuombea punguzo.

Hatua ya tano: mafuta ya breki. Wengi hawayaangalii kabisa. Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 (hapa DOT ni aina ya mafuta, si yale maandishi ya tairi) yananyonya unyevu wa hewani hata pikipiki ikiwa imesimama. DOT 4 ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi joto 230 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji, kiwango chake cha chini kinashuka hadi 155. Unashuka mteremko umeshikilia breki, mafuta yanachemka, na mkono wa breki unakuwa laini hadi unagusa mshikio. Yanapaswa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili, pikipiki imetembea au haikutembea. Kwa yenye ABS jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu mle ndani ya mtambo kuna valvu ndogo ndogo, na maji yanaleta kutu. Mtambo ukishakufa kwa kutu, bei yake inaweza kumeza punguzo lote ulilopewa.

Kwa hiyo tazama kidirisha hiki cha kikopo cha mafuta ya breki. Mafuta mazuri ni ya njano hafifu, unaona hadi ng'ambo. Yakiwa na rangi ya chai ya rangi, yamezeeka. Mwambie muuzaji: "Kaka, naomba yabadilishwe kabla sijalipa, tena nikiona." Yasibadilishwe kwa kuongezea juu. Yatolewe yote, hewa itolewe, na chupa ifunguliwe mbele yako. Na utumie aina iliyoandikwa kwenye kifuniko.

Mengine nayapitia haraka. Betri: ikiwa imejaa, mita isome karibu volti 12.6, injini ikiwa imezimwa. Chini ya 12, betri imelala mno, dai nyingine, kwa sababu umeme hafifu unaweza kuwasha taa ya ABS kwenye dashibodi bila kosa la mtambo. Petroli iliyolala itolewe. Cheni isiwe na kutu. Shokapu za mbele zisiwe na mafuta yaliyovuja. Na nyanyua kiti utafute kazi ya panya. Godauni zetu zina panya, na waya mmoja wa sensa ukitafunwa, ABS haipo tena.

Hatua ya sita: jaribio. Fungua swichi bila kuwasha injini. Unaona? Taa ya ABS imewaka. Lazima iwake. Kama haiwaki kabisa, usiseme ni bahati, huenda mtu ameizima ili kuficha kosa. Sasa washa, uanze kutembea taratibu. Hatua chache tu mbele, ikipata mwendo kidogo, taa inazimika yenyewe. Ikibaki inawaka, ABS haifanyi kazi. Breki za kawaida zitashika, ila usilipie ABS isiyokuwepo.

Kisha twende uwanjani. Vaa kofia na viatu vilivyofunika miguu, chagua sehemu tupu iliyonyooka na kavu. Anza na kilomita 20, halafu 30. Kaa wima, tazama mbele, usitazame tairi, kamata breki ya mbele na ya nyuma pamoja, ukiongeza nguvu. Ukisikia mkono unatetema na mlio kama tik-tik-tik, hiyo ndiyo ABS inafanya kazi. Usiachie mkono. Wengi wakisikia mtetemo huo wanaogopa na kuachia, na hapo wanajinyima kitu walichokilipia. Kwa pikipiki hii yenye ABS ya mbele tu, tairi la nyuma bado linaweza kugoma, kwa hiyo mguu uwe na adabu.

Hatua ya saba: mazungumzo ya bei. Usilinganishe bei mbili zilizobandikwa. Chukua kila moja, ongeza gharama ya tairi, betri na huduma kama muuzaji hakubali kuzibeba, ndipo ulinganishe. Muulize garantii inaanza siku gani: siku unayonunua, au siku pikipiki ilipoingia dukani? Iandikwe. Muulize pia taa ya ABS ikiwaka, kifaa cha kusoma kosa kipo hapahapa Tabora au utatumwa Mwanza au Dar es Salaam? Kama sensa ya akiba haipatikani popote, nawe unapeleka hesabu kwa bosi kila siku, hilo lihesabu kama gharama. Dai risiti ya EFD yenye bei uliyolipa kweli, na nambari ya chesi na ya injini uzilinganishe na nyaraka mwenyewe kwa macho yako.

Ukishaichukua yenye ABS, mwambie fundi wa pancha jambo moja kila anapovua tairi la mbele: asiegemeze chuma kwenye ile pete. Ikipinda kidogo tu, sensa inasoma uongo. Ukitoka kwenye matope, isugue kwa brashi laini na maji, usiielekezee bomba la presha. Na kwa safari za siku za mwanzo shika breki kwa upole, pedi mpya zinahitaji kukaana na diski kabla ya kuzidai kazi nzito.