Usikimbizane na joto: mazoezi wakati wa kiangazi

Haya ndugu zangu, karibuni tena. Huku ughaibuni kiangazi kimepamba moto, na najua wapo mnaojiandaa kuja ambao mnasema, "Sisi joto tumelizoea." Hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Mwili huzoea joto kwa kufanya mazoezi ndani ya joto hilohilo, kidogo kidogo, kwa wiki moja hadi mbili. Ukikaa miezi ya baridi ndani ya nyumba, mazoea yale yote yanapotea. Unaanza upya kama mgeni.

Mnakumbuka Doha, kule Qatar, mwaka 2019? Marathoni ya wanawake ya mashindano ya dunia ilianzishwa karibu na saa sita usiku ili kukwepa jua. Walianza 68, wakamaliza 40. Ruth Chepngetich wa Kenya alishinda kwa saa 2:32:43, wakati Januari ya mwaka huohuo alikuwa amekimbia Dubai kwa 2:17:08. Bingwa mzima alichelewa zaidi ya dakika 15, na jua halikuwepo! Lililokuwepo ni fukuto. Jasho hutupoza pale linapokauka kwenye ngozi. Hewa ikijaa unyevu halikauki, linatiririka tu, na joto linabaki mwilini. Kwa hiyo msiangalie nyuzi za joto peke yake, angalieni na unyevu.

Moyo nao unaelemewa, maana damu inatakiwa kwenye misuli na kwenye ngozi kwa wakati mmoja. Kasi uliyoizoea itakupigisha moyo mbio kuliko kawaida. Ipunguze. Ukishindwa kuzungumza na mwenzako huku mnakimbia, tembea.

Na jioni ya huku isiwadanganye. Saa kumi na moja jua bado linachoma, na kuna miji linazama saa tatu usiku. Mimi nasema alfajiri.

Maji kunyweni, ila si kujilazimisha lita kwa lita. Yakizidi sana, chumvi ya damu inashuka, na hilo nalo linaua. Anayetumia dawa za presha, hasa zile za kukojoza, azungumze na daktari wake kwanza.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Kizunguzungu, kichefuchefu, kichwa kugonga: acha mazoezi, nenda kivulini. Lakini mwenzako akianza kuongea mambo yasiyoeleweka, akayumba au akaanguka, hicho huenda ni kiharusi cha joto, yaani mwili umepata joto kupita kiasi mpaka ubongo unaathirika, hata kama jasho bado linamtoka. Watu wengi hudhani lazima ngozi iwe kavu, na hapo ndipo wanapochelewa. Piga simu ya dharura, mvueni nguo za juu, mtumbukizeni kwenye maji ya baridi mpaka shingoni, huku mmoja wenu amemshika kichwa. Hakuna beseni kubwa? Mmwagieni maji mfululizo na kumpepea. Msimnyweshe kitu akiwa amechanganyikiwa, na msingoje gari la wagonjwa lifike ndipo muanze kumpoza.